Ujumbe wa gari kwa gari, Kimara–Ubungo: AODV nje, GPSR ndani

Wiki hii nimeitoa AODV kwenye mradi wangu, ambao unaigiza kwenye kompyuta magari ya Kimara–Ubungo, Dar es Salaam, yakipokezana ujumbe kwa redio. Itifaki yenyewe (kanuni za kuutafutia ujumbe njia) si mbaya, ipo kwenye waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 3561, tangu 2003, ila inataka njia nzima ijulikane kabla ujumbe haujaondoka: gari linapiga mbiu, majirani wanaipokezana hadi kwa mlengwa, jibu linarudi, ndipo data ipite. Barabarani hakuna subira hiyo. Magari mawili yakipishana, kila moja kwa kilomita 80 kwa saa, na redio zinafika mita 250, yanasikilizana kwa sekunde kama 11 tu. Na kwenye foleni ya Kimara mbiu zilikuwa nyingi mno, zikagongana hewani, ujumbe wenyewe ukakosa nafasi.

GPSR, itifaki niliyoiweka badala yake, ya Brad Karp na H. T. Kung (2000), haihifadhi njia yoyote. Kila gari linatangaza mahali lilipo kwa GPS, na mwenye ujumbe anamkabidhi jirani aliye karibu zaidi na mlengwa. Basi. Ramani nimeitoa OpenStreetMap, magari yanaendeshwa na SUMO (programu ya kuigiza trafiki), redio ni ya ns-3 (programu ya kuigiza mitandao). Foleni ileile iliyoiua AODV, GPSR inaipenda: jirani hakosekani.

Kilichonikalia kooni ni makutano ya Ubungo. Barabara pale zimepandana, na GPSR inahesabu kwa latitudo na longitudo peke yake. Gari la juu na la chini inayaona yako bega kwa bega, kumbe katikati kuna zege. Tena ns-3 nayo hailijui zege mpaka uiambie, kwa hiyo matokeo yangu ya mwanzo ya Ubungo yalikuwa matamu kupita kiasi. Nimeongeza kimo kwenye tangazo la kila gari, na jirani wa ngazi nyingine anapewa alama ndogo.

Usiku wa manane shida inageuka: magari machache, ujumbe unafika kwa gari lisilo na jirani wa mbele. GPSR hapo hujaribu kuzunguka pembeni, lakini kwenye barabara moja iliyonyooka utazungukia wapi? Naona heri gari liubebe ujumbe hadi likutane na lingine. Mchana nao nataka kuyapa kazi hiyo mabasi ya mwendokasi, kwa kuwa yana njia yao na hayakai foleni. Ratiba yao ndiyo ninayoiingiza SUMO sasa.