Haya dada

"Haya dada." Maneno mawili tu, tangu Jumanne yananizunguka masikioni kama mbu.

Yule dogo wa fildi (mnamjua, ndo yule aliyefuta folda ya watu wiki yake ya kwanza) alinikuta naongeza seva ya nne, akauliza kwa upole, "Dada, hizi koneksheni za kudumu za databesi, tukishazifungua nani anazifunga?" Na mimi bila hata kugeuka, "Soma kwanza ndo uje uulize." Akasema haya dada, akaenda zake.

Swali lenyewe lilikuwa la maana, hapo ndo panaponiuma. Kila seva yetu ina vibarua 30 wa PHP (prosesi zinazohudumia wanaofungua saiti), kibarua akishashika koneksheni haiachii, anakaa nayo hata kama hana kazi, na ndo nilivyotaka mwenyewe maana PostgreSQL, ndo databesi yetu, inaanzisha prosesi mpya kwa kila koneksheni, sasa ufungue ufunge kila rikwesti si kupoteza muda. Seva 3 mara 30 ni 90. PostgreSQL usipoigusa inaruhusu 100, na humo 3 imezitenga za msimamizi, zinabaki 97. Kumbe siku zote tulikuwa tunatembea ukingoni. Nimeongeza ya nne ili saiti iwe nyepesi, jioni watu walipojaa ikadondoka yote, databesi inajibu samahani wateja wamezidi, nachungulia ndani nakuta koneksheni karibu zote zimelala tu.

Na yeye hakusema "si nilikuuliza". Angesema ningepona.

Wiki hiyohiyo tumehama nyumba na mdogo wangu kafaulu mtihani wa udereva, mara ya nne hiyo, lakini mimi nikipanga vyombo nasikia haya dada, nikioga haya dada. Nimejaribu kuirudia kichwani na jibu zuri, "vuta kiti nikuonyeshe". Kulisema hata sekunde 5 haziishi.

Jana tukakaa wawili kuweka PgBouncer, programu ya kugawana koneksheni, katikati ya PHP na databesi, ili vibarua wote 120 wapokezane koneksheni 20 za kweli, kila mmoja anaazima, transaksheni yake (kazi yake moja kwenye databesi) ikiisha anarudisha. Dogo akaguna. "Dada, kama koneksheni ni ileile, mmoja akiiseti saa za eneo la mteja wake, anayefuata si anaikuta hivyohivyo?"

Nikamkodolea macho.

Ile ripoti! Ile inayoruka masaa siku mojamoja, niliyowalilia hapa miezi miwili, nikamlaumu kila mtu mpaka saa ya seva! Kumbe koneksheni za kudumu zilikuwa zinabeba setingi ya mteja wa mwanzo zinampelekea wa pili, na sisi tunaanzisha seva upya inapona siku mbili tunajisifu. Sasa tunaiseti kwa SET LOCAL ndani ya transaksheni, ikiisha nayo inafutika. Tulicheka mpaka wa chumba cha pili wakaja kuangalia kuna nini, sikumbuki lini mara ya mwisho kazi imenifurahisha hivyo.

Radhi sijamwomba bado. Nilifungua mdomo nikamuuliza kama amehifadhi faili.

Alafu paka. Tangu tuhamie hajatoka chini ya kabati, maji anakunywa tukilala, chakula leo siku ya pili hajagusa. Mliowahi kuhama na paka, ilichukua siku ngapi?