Diski ya tatu

Juzi usiku niliacha kompyuta ikipakua gemu la GB zaidi ya 60, nikaenda kulala. Naamka, gemu liko tayari. Hakuna nilichosikia wala kushika, na badala ya kulifungua nikabaki nimekaa tu, namfikiria kaka na diski ya tatu.

Zamani hizo tulikuwa tunaweka The Sims 2 kwenye kompyuta, gemu lile la 2004, toleo la CD 4. CD moja hubeba MB 700 hivi, basi gemu likizidi hapo unaongezewa diski nyingine, na kazi ya kuzibadilisha ni yako. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, huku tunagombania nani ataanza kujenga nyumba. Ya tatu ikafika katikati, ikagoma.

Diski ikigoma, masikio yanajua kabla ya macho. Draivu inayosoma vizuri huvuma kwa sauti moja. Hii ilivuma, ikashuka, ikanyamaza, ikagonga tk, tk, kama mtu anayepapasa kitasa gizani, halafu ikapanda kwa kasi mpaka meza ikatetemeka. Asilimia imeganda palepale. Mimi kipanya kilikuwa tayari mkononi, nataka kughairi. Kaka akanishika mkono.

"Acha papara, dogo. Bado inajaribu."

Iliposhindwa kabisa, akabonyeza kitufe, trei ikatoka. Akaichukua diski kwa kingo, kidole kimoja kwenye tundu la katikati, akaiinamisha kwenye mwanga wa taa. Mkwaruzo huo hapo, umekata kutoka karibu na tundu hadi ukingoni. "Afadhali umekata hivi," akasema. Akaihemea, akaanza kuifuta kwa pindo la fulana: kutoka katikati kwenda nje, anainua mkono, anarudi katikati tena. Hakuzungusha hata mara moja. Nilidhani ni mbwembwe zake.

Miaka baadaye ndipo niliposoma kwamba alikuwa sahihi. Data kwenye CD imepangwa kwa mstari mmoja mrefu unaojizungusha kuanzia katikati. Mkwaruzo unaoukata mstari huo unaharibu vipande vidogo vidogo, na draivu huweza kuvifidia kwa data ya ziada iliyowekwa kwa dharura za namna hiyo. Wa kuogopa ni ule unaoufuata mstari, maana unameza kipande kirefu kwa mpigo. Yeye aliyajulia wapi haya, sijui.

Trei ikarudi ndani. Ikavuma, ikashuka. Tk. Tumenyamaza wote wawili, tumeliinamia kasha la kompyuta. Tk tena. Kisha ikapanda taratibu, ikatulia kwenye sauti yake moja, na asilimia ikasogea.

"Haya," akasema kaka, basi.

Mengine yalikwenda haraka. Diski ya nne, ule msimbo mrefu wa herufi na tarakimu, ubishi kama ile ni B au 8, na gemu likafunguka. Nyumba niliyojenga siikumbuki hata rangi.

Diski zote ninazo hadi leo, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Microsoft waliacha kuiunga mkono SafeDisc, kinga ya kuzuia nakala haramu iliyowekwa kwenye magemu mengi ya diski ya enzi zile, kwa hiyo yapo ambayo yamekamilika kabisa kabatini na bado hayafunguki bila kutafutiwa ujanja. La juzi, ambalo sina hata karatasi yake, linafunguka kwa kubofya mara moja, alimradi akaunti yangu iwe hai na wenye duka wasibadili mawazo. Lipi kati ya hayo ni langu? Kuna siku najibu hivi, kuna siku vile.

Nimempigia kaka kumuuliza tuzifanyeje zile CD. "Tupa," akasema, wala hakufikiri. Siku hizi anachezea kwenye simu, na likichelewa kufunguka kidogo tu, analifuta.