Nilivyolea ngisi Nairobi tangu wakiwa mayai

Ukitaka kulea ngisi Nairobi, tafuta uduvi hai kabla hujatafuta mayai. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilichoambiwa, tena kwa kujiamini kabisa, ni kwamba watoto wa ngisi hula atemia, wale wadudu wadogo wanaoanguliwa kutoka mayai ya mkebe na ambao kila mfugaji wa samaki wa maji chumvi anawajua. Duka moja liliniuzia mkebe mzima likiniapia kwamba ndicho chakula chao. Nikawaangua, nikawamwaga kwenye tangi. Watoto wangu wakawatazama wakipita, kisha wakajifukia mchangani, macho tu nje.

Nazungumzia ngisi yule mnene, mwenye mfupa mweupe mwepesi mgongoni ambao wafugaji wa ndege huutundika vizimbani. Mama yake hutaga na kuondoka, hayalindi mayai kama pweza. Hupenda kuyabandika kwenye malema, na wavuvi huyakwangua wanaposafisha mitego yao. Mzee mmoja mvuvi wa Msambweni, pwani ya kusini, alikubali kuninusuria kichala kimoja. Msiende kuyatafuta ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu au Kisite, huko hakuguswi kitu. Mayai yalipanda basi la usiku ndani ya mfuko uliojazwa oksijeni, kwenye boksi linalohifadhi joto, yakafika salama.

Habari za kuandaa tangi lenyewe mnazijua. Nitasema yale ya Nairobi tu. Maji ya visima vyetu vingi yana floridi nyingi, kwa hiyo mimi hununua yale ya maduka ya kujaza mitungi, nikayatia chumvi ya akwariamu mpaka kiasi cha gramu 35 kwa lita. Halafu kuna mwinuko. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwa joto lile lile maji ya huku hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Pampu ya hewa iliyomtosha rafiki yangu wa Nyali, kule Mombasa, haikutosha kwangu, nikaongeza ya pili, pamoja na nyingine ya betri ya kungojea stima zipotee. Dawa yoyote ya samaki yenye shaba isikaribie tangi hilo, inaua ngisi.

Joto nililiweka kwenye nyuzi 26, na Julai ya Nairobi ilinifanya niamke usiku kukagua hita. Nilikuwa na sababu. Yai likishtuliwa na badiliko la ghafla, mtoto huweza kutoka kabla ya wakati, kiini kikiwa bado kinaning'inia mdomoni, na wa namna hiyo wengi hufa.

Mayai yakikaribia kuiva huvimba, ganda likawa jembamba na angavu. Nilikuwa nikimulika tochi kwa pembeni, namwona mtoto akizunguka mle ndani, kiini kikipungua siku hadi siku, madoa ya rangi ngozini yakitanuka na kusinyaa. Macho yake yanaona kabla hajatoka. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2008 kwamba ngisi walioonyeshwa kaa wakiwa bado ndani ya yai waliwapendelea kaa hao baada ya kuanguliwa. Niliposoma hayo nilichukua chupa ya kioo, nikaijaza uduvi hai, nikaisimamisha kando ya kikapu cha mayai yaliyokuwa bado hayajaanguliwa ili walio ndani wazoee kuwaona. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichosaidia, lakini nitairudia.

Uduvi wenyewe nilikuwa nimewapata watoto wa kwanza walipokataa atemia, nikampigia yule mzee wa Msambweni simu kulalamika. "Mwanangu," akaniambia, "mtoto wa ngisi hafuati vumbi. Mpe kitu kinachoruka." Akaniokotea uduvi kwenye nyasi za bahari, wakaja kwa basi lile lile. Nikawatia tangini. Mtoto mdogo kuliko ukucha wangu akageuza kichwa, akanyoosha mikono mbele, akabadilika kahawia, na mikono mingine miwili mirefu ya kukamatia ikachomoka. Sikuiona ikienda, niliona tu uduvi yuko mdomoni. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaja.

Nauli ya uduvi ndiyo iliyokula pesa kuliko chumvi na stima zikiwekwa pamoja, hivyo niliwaachisha watoto uduvi hai mapema. Nilianza kwa kuwachanganyia watoto wa gapi, samaki wadogo wa maji baridi, niliowazoesha chumvi kidogo kidogo, kisha nikahamia kamba wa City Market. Nakata kipande chembamba, nakifunga kwa uzi wa kuvulia, nakipitisha mbele yao kwa mishtuko midogo, nasimama, nakishtua tena. Ukikivuta moja kwa moja hawakigusi. Kinatakiwa kisite kidogo halafu kitoroke. Wa kwanza alipokubali, wenzake walijifunza haraka. Walishe mara kadhaa kwa siku, maana wakishikwa na njaa hung'atana.

Wakishtuka hurudi kinyumenyume kwa kasi wakagonga kioo, na jeraha la nyuma halichelewi kuoza. Mimi nimebandika karatasi nyeusi pande tatu za tangi na taa siiwashi ghafla, nawasha ya sebuleni kwanza. Tangu hapo sijaona jeraha jipya.