Siku moja maishani mwangu: kutembeza wageni Bujora, makumbusho ya Wasukuma kule Mwanza, mwezi wa nne

Saa 11 alfajiri radi ndo inaniamsha, alamu ina kazi gani masika hii. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, ziwa bado lina joto lake, basi mawingu yanajijengea hukohuko na mara nyingi tunapigwa na mvua kabla hakujakucha. Wageni wao wanaangalia simu wanaona alama ya mvua siku nzima, wanakansel.

Saa 1 nipo Igoma nagombania daladala ya Kisesa, tope mpaka mlangoni. Kisesa nadaka boda mpaka juu.

Saa 2 cha kwanza ni ngoma. Ngozi ikilala na unyevu inalegea, ukipiga inasema bufu tu, so tunawasha moto wa majani makavu tunaisogeza pembeni, unagongagonga kwa vidole unasikiliza, unageuza, mpaka ilie vizuri. Hizi ni za kuchezea jamani, zile za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, kwenye banda lenye umbo la kiti cha mtemi haziguswi!

Saa 4 jua linachoma. Familia kutoka Dar imefika, nawaamkia, mama anacheka, "Marahaba mwanangu, mvua yenyewe iko wapi?" Ilishanyesha mama, mlikuwa mmelala. Tukaanza na kanisa la duara alilojenga Padri David Clement wa Quebec, Kanada, mwaka 1958, kwa mtindo wa nyumba za Kisukuma. Kwenye mawe nikamzuia kijana wao, raba soli imeisha na jiwe bado limelowa, huko ndo watu wanavunjikia viuno.

Saa 7 msosi, na swali lilelile, mwezi gani hakuna joto. Sasa Mwanza tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mchana unacheza kwenye nyuzi 28 karibu mwaka mzima, hapo hakuna cha kuchagua, chagua kati ya tope na vumbi. Wa 6 mpaka wa 9 ni kukavu ila wa 8 na wa 9 vumbi balaa. Mimi nasema wa 6, majani bado mabichi, halafu ndo Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanashindana kucheza, huo umati acha tu.

Saa 12 jioni najibu WhatsApp, mtu anauliza Desemba. Vuli hiyo kaka, njoo tu, tuanze saa 4, viatu viwe na meno, na boti ya alfajiri ziwani kama kuna radi usinipigie.