Karafuu Hazilazwi

Jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Ndani ya kile chumba cha steshenari pale Darajani tulikuwa tumebanana mbele ya kompyuta nne, na sote tukasema "aaah!" kwa pamoja. Mimi nilikuwa ukurasa wa sita. Sikuwa nimesevu hata mara moja.

Mwenye duka akatoka na dumu kutafuta petroli. Tukamsubiri. Jua likazama, petroli haikupatikana, nikashika njia ya nyumbani Michenzani mikono mitupu.

Ilikuwa Jumapili ya Disemba 2009, siku ya kumi na moja tangu waya unaopita chini ya bahari kutuletea umeme Unguja kutoka bara upate hitilafu. Hatukujua wakati ule kwamba giza lile lingefika hadi Machi 2010. Mimi hata Machi sikuwa na nafasi ya kuiwaza. Kesho yake saa kumi jioni nilitakiwa nikabidhi assaimenti tatu, na iliyokuwa karibu kwisha ndiyo hiyo iliyokwenda na jenereta.

Ningeweza kuulaumu umeme. Kwa siku kadhaa niliulaumu, tena kwa sauti. Lakini kazi ya kwanza katika zile tatu tulipewa Oktoba, taa zikiwaka.

Nilitoka skuli moja ya Wete, Pemba, nikiwa na jina. Kidato cha sita nilisoma Historia, Kiswahili na Kiingereza, na mbinu yangu ilikuwa moja tu: miezi ya mpira na barazani, kisha wiki tatu za kukesha kabla ya mtihani. Ilinifikisha chuoni, kwa hiyo sikuona sababu ya kuiacha. Chuoni nikakuta kozi sita kwa muhula, kila moja alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Hesabu hiyo tuliambiwa siku ya kwanza. Niliiandika, nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na nafikiri ndiyo mara ya mwisho kuitazama.

Kilichonihadaa zaidi ni ratiba. Jumanne nilikuwa na saa mbili za darasa, Alhamisi baada ya adhuhuri sina kitu. Nikajiona bwana. Halafu hakuna wa kukufuata. Kule Wete usipoleta insha, mwalimu wa Historia humngoja baba yako mlangoni mwa msikiti. Hapa mhadhiri anasema tarehe, anafuta ubao, anaondoka.

Basi jioni ile nikafika chini ya jengo, gizani, nikamkuta mtoto wa jirani anapandisha maji. Pampu nazo zilikuwa zimekufa na umeme, na shangazi yangu alikaa ghorofa ya nne. Kila siku ilikuwa zamu yangu madumu manne ya lita 20, mawili kwa safari. (Watu wakisimulia miezi ile hutaja mishumaa na kelele za jenereta. Mimi mabega yangu yanakumbuka ngazi.) Nilipomaliza safari ya pili nikaketi kwenye meza ya kulia chakula na mshumaa, nikafungua daftari. Halikuwa na kitu. Yale yote niliyoyaandika kule Darajani nilikuwa nayatunga moja kwa moja kwenye kompyuta.

Shangazi alitoka chumbani kuja kutazama unga wake wa maandazi kama umeumuka. Aliuza maandazi asubuhi, kwa hiyo usiku wake ulikuwa na saa zake. Akaniona.

"Vipi, baba? Mbona unautazama mshumaa?"

Nikamwambia yote, jenereta, petroli, kesho saa kumi. Nilitarajia pole.

"Kazi hizo ulipewa lini?"

"Moja Oktoba, shangazi. Mbili Novemba."

Akavuta kiti, akakaa kitako. Akafunika beseni la unga kwa kanga, taratibu, kama hana haraka ya kunijibu.

"Wewe si mtoto wa Wete wewe? Karafuu zikichumwa leo, zinachambuliwa lini?"

"Usiku wa leo."

"Kwa nini hatuzilazi tukazichambua zikishakuwa nyingi?"

Hakuna mtoto wa Pemba asiyejua. Tumekaa jamvini usiku kuzunguka taa ya karabai, wakubwa kwa wadogo, viganja vinanata, tunatenga karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, mtu anasinzia anapigwa kofi la mgongo. Karafuu mbichi ukiziacha zimerundikana zinapata joto zenyewe kwa zenyewe, zinachacha. Ukija kuzianika baadaye zinatoka zimepauka, na bei inashuka. Asubuhi jua likichomoza zinatakiwa ziwe tayari jamvini, na wachumaji wameshapanda mikarafuu kuleta nyingine.

"Sasa wewe umelaza ya Oktoba," akasema. "Unanuka mpaka huku." Akacheka peke yake, akaniwashia mshumaa wa pili, akaenda kulala. Mshumaa wa pili wakati ule ulikuwa ukarimu mkubwa.

Niliandika kwa mkono mpaka adhana ya alfajiri. Mbili zilikwisha. Moja ina doa la nta ukurasa wa tatu, ninayo mpaka leo. Ya tatu, ya saikolojia ya elimu, sikuwa na hata kitabu chake: maktaba ilikuwa na nakala mbili tu, na waliozihitaji mapema walishazipata mapema. Nilikabidhi mbili kwa wakati, moja nikaikosa, alama 10 zikaenda. Mhadhiri hakunigombeza. Alitazama orodha, akachora kistari mbele ya namba yangu, akamwita anayefuata. Kistari kile kiliniuma kuliko kofi la mgongoni.

Kukesha sikuweza tena hata kama ningetaka, maana mishumaa ilikuwa pesa. Nikaanza kufanya kazi kwa jua. Baada ya alfajiri, shangazi akikaanga maandazi, mimi nasoma karibu na dirisha la jikoni, moshi ukiniingia machoni. Maji napandisha kabla jua halijawa kali. Zile saa za Jumanne na Alhamisi nilizoziona za bure nikazipeleka maktaba, na baada ya alasiri naandika hadi mwanga unapokataa. Kazi mpya ikitolewa, siku hiyohiyo naenda kutafuta kitabu, kisha naandika ukurasa mmoja mbaya daftarini. Mbaya kabisa, wa kuona haya. Lakini umeshachambuliwa. Maghribi ikiadhiniwa nafunga, nashuka barazani kama mzee aliyetoka shamba.

Sisemi nilipasua. Ile saikolojia niliipita kwa alama mbili juu ya mstari, nikitetemeka, na mpaka leo nikikutana na neno "motisha" tumbo hunicheza.

Umeme ulirudi Machi. Mtaa mzima wa Michenzani ulipiga kelele kwa mpigo, ghorofa hadi ghorofa, watoto wakikimbia na kuwasha na kuzima swichi. Shangazi akaja mlangoni kwangu, uso umejaa mwanga.

"Haya, baba, taa hiyo. Utakesha?"

Nikamwambia ndiyo, kwa furaha tu ya kuiona balbu. Nikafungua kitabu. Alipokuja kuniamsha alfajiri nilikuwa ukurasa uleule, balbu inawaka, na yeye anagombana nami kuhusu bili.