Kumbukumbu ya mradi: «Bobby» kwa Kiswahili, juma la sita

Juma hili nimefika pale Jack Braganza, mvuvi, anapokwenda nyumbani kwa tajiri Nath, nami nimekwama siku nne kwa neno moja.

Kwa aliyechelewa: ninaandika maneno ya Kiswahili ya kusomwa chini ya picha ya «Bobby», filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1973, kwa ajili ya mama yangu, aliyeitazama ujanani hapa Tanga na kuielewa, asemavyo mwenyewe, kwa macho tu. Natumia tafsiri ya Kiingereza, na penye shaka namwuliza jirani anayejua Kihindi. Raj, mwana wa Nath, anampenda Bobby, binti wa Braganza na mjukuu wa yaya aliyemlea. Neno yaya halikunisumbua, kwani kwa Kihindi nako huitwa aya.

Tatizo lilianza nilipoandika kwamba Braganza «amekuja kuposa». Mama aliniamuru nisimamishe picha.

«Tangu lini baba wa binti akaenda kuposa?»

Ana haki. Kwetu Ngamiani wazee wa upande wa mume ndio wanaobeba barua ya posa, wakati kwa Wahindi wengi si ajabu upande wa binti kuanza mazungumzo. Jambo hili si dogo, kwa sababu muda mfupi baadaye Nath anamtuhumu mgeni wake kwamba amemtumia binti yake kama chambo cha kunasia mali, kisha anampa fedha ili aachane na habari hiyo. Na mtazamaji aliyekwisha kumwona Braganza kuwa mtu asiye na haya atadhani tusi hilo amelitafuta mwenyewe. Mjomba wangu, mvuvi wa Sahare, alinionya vilevile nisimwandike mvuvi mwenzake kama mtu anayeombaomba.

Nilijaribu «kuleta uchumba», likasikika kama biashara. Nikajaribu «kuomba udugu», likawa zito mno. Juzi usiku nikaandika: «Nimekuja kwa ajili ya watoto wetu.» Mstari mmoja wangu hauzidi herufi 36, na huo umeingia bila kukatwa, jambo ambalo kwa Kiswahili ni bahati, maana «nisingemruhusu» pekee inameza herufi 14. Tena «watoto wetu» itakumbukwa na mtazamaji mwishoni, vijana wanapojitupa majini na kila baba akamwokoa mtoto wa mwenzake. Pale sitaandika kitu chochote.

Nyimbo nimeziacha zilivyo. Zilizobaki ni sehemu za Alka, binti wa tajiri ambaye Nath anamtaka awe mkwe wake kwa faida ya biashara, na sijaridhika na namna ninavyouandika ulemavu wake wa akili, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka mtaani ni ya kejeli.

Jana mama aliutazama upya ule mkutano wa wazazi wawili, akanyamaza hadi mwisho, kisha akasema herufi ni ndogo. Nimezikuza.