Nilivyounganisha MySQL ya ghala letu la alizeti na Power BI

Ghala letu liko Kizota hapa Dodoma, tunauza mafuta ya alizeti kwa madumu. Mauzo yote yanaingia kwenye MySQL, yaani programu ya kanzidata inayohifadhi kumbukumbu, kwenye kompyuta ya dukani inayotumia Ubuntu, si Windows. Hata hivyo, karibu miezi saba dada mhasibu alikuwa anabaki kila jioni kunakili mauzo kwenye Excel, halafu mimi namchorea mzee chati. Siku akiugua, mzee hana ripoti.

Fundi mmoja wa mjini alitaka kama laki nne kuiunganisha na Power BI, programu ya kuchora chati na ripoti. Njia yake: tumia akaunti ya root, kisha fungua poti 3306, mlango wa MySQL, kwenye rauta ili mzee aone mauzo hata akiwa nyumbani. Ushauri huu bado unaniudhi. Root inaweza kufuta kila kitu, na poti ya kanzidata ukiiacha wazi kwenye intaneti, watu usiowajua wataigonga usiku na mchana. Nikamshukuru, nikaamua kufanya mwenyewe.

Power BI Desktop ni ya bure, ila inataka Windows. Ikagoma kwanza kwa kukosa kiunganishi kiitwacho MySQL Connector/NET. Nikaisakinisha, nikafunga programu na kuifungua upya, hilo likaisha.

Kilichonitoa jasho ni kuifikia kompyuta ya dukani kutoka kwenye laptopu yangu chumba cha pili. Pale dukani MySQL inafunguka vizuri; kwangu, kimya. Nikanunua waya mpya wa mtandao, elfu ishirini na kitu, haukusaidia. Nikashuku ulinzi wa Windows, nikauzima, bado, nikauwasha tena. Siku ya pili jioni, watu wameshaondoka, nikafungua faili la mipangilio ya MySQL nikasoma mstari kwa mstari hadi nikakutana na bind-address = 127.0.0.1. Kumbe ilikuwa inasikiliza maombi ya kompyuta ileile tu! Nikaweka anwani yake ya mtandao wa ndani, nikaiwasha upya, nikajaribu. Ikakataa tena, lakini safari hii kwa maneno: laptopu yako hairuhusiwi kuunganishwa. Nilifurahi kupita kiasi, maana anayekukatalia mlangoni ameshasikia hodi yako.

MySQL inamtambua mtumiaji kwa jina pamoja na mahali anapotokea. 'ripoti'@'localhost' na 'ripoti'@'192.168.1.%' ni watu wawili. Nikamtengeneza huyo wa pili, nikampa SELECT peke yake: anasoma, hagusi kitu. Ikaingia. Nilichagua Import, inayonakili data kwanza, badala ya DirectQuery, inayoiuliza kanzidata kila mara, kwa sababu kompyuta ya dukani ni ya zamani na sikutaka kila mzee akibonyeza chati, mauzo ya dirishani yasimame.

Kesho yake nikamwonyesha mzee chati ya mauzo kwa saa. Akaitazama, uso ukabadilika.

“Mwanangu, saa kumi alfajiri nani ananunua mafuta hapa? Funguo si ninazo mimi?”

Kijana wa dirishani alikuwa amesimama karibu na mizani, akanyamaza kabisa. Nikamwomba mzee, “Shikamoo mzee, nipe nusu saa kabla hujamuuliza mtu.” Nikachukua kitabu cha risiti. Risiti ya kwanza: madumu manne, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Kwenye jedwali: 04:12. Ya pili na ya tatu, tofauti ileile ya masaa 3. Kompyuta ilikuwa imewekwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi Tanzania tuko masaa 3 mbele, mwaka mzima bila kubadilika.

Nikairekebisha hukohuko kwenye kanzidata kwa CONVERT_TZ, amri ya kubadilisha saa kutoka kanda moja kwenda nyingine. Nilipoandika 'Africa/Dar_es_Salaam' ilirudisha NULL tupu, kwa kuwa majedwali ya majina ya kanda za saa hayakuwa yamepakiwa. Nikaandika '+00:00' kwenda '+03:00', ikakaa sawa. Ukiunganisha yako, linganisha risiti chache za karatasi kabla bosi hajaona chati yoyote. Mimi sikufanya hivyo, na mtu asiye na kosa alikaribia kuitwa mwizi.

Mzee sasa anataka aione kwenye simu akiwa shambani Kongwa. Hapo itabidi tuweke gateway, programu ya kupitisha data ya ndani kwenda Power BI ya mtandaoni, kwenye kompyuta ya Windows isiyozimwa, na umeme wetu unavyokatika, kwanza nimemwomba betri. Dada mhasibu anaondoka saa kumi na moja kamili.